Mama Juu ya Sanduku

Fundi amefungua mkebe wa rangi ya buluu ili apake sanduku langu la bati upya, na harufu yake imenirudisha kwenye geti la shule ya bweni.

Sanduku hilo tulilinunua sokoni Oyugis, kwa mafundi wa jua kali wanaofua vitu kwa mikebe iliyotumika. Ndani bado lilikuwa na maandishi ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Kwetu hakuna anayelipia sanduku kabla ya kulipanda, na Mama alikuwa amelirukia mara mbili mbele ya fundi aliyelitengeneza.

Getini, matroni alilifungua, akasoma maandishi yale kwa sauti. Wazazi wakacheka, wale wale waliopikia majiko ya jua kali na kuwasha koroboi za mikebe nyumbani kwao.

"Mama, hapa tunataka ya dukani," matroni akasema. "Hili litapasuka kabla muhula haujaisha."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alivua viatu, akapanda juu ya kifuniko, akaruka kwa nguvu zake zote. Bati lilinguruma, lakini halikupasuka.

"Madam," akasema akiwa bado huko juu, "sasa chagua la dukani, lolote, upande na wewe."

Matroni aliyatazama masanduku ya dukani ya wanafunzi wengine yaliyopangwa ukutani, kisha akaandika jina langu daftarini.

Fundi anapapasa kifuniko, pale palipobonyea chini ya visigino vya Mama.

"Nipanyooshe kwanza?"

"Wewe paka rangi," namwambia. "Hapo usipaguse."