Nilivyothibitishwa Kuwa Sina Ujuzi

Kaunti zilipokuja, kila mwenye cheti alikikimbiza ofisini. Mimi changu cha kidato cha nne, nilichokisomea shule ya jioni nikiwa na watoto watatu na kipara kimoja, nilikitundika dukani kwangu Kiwanjani, juu ya dawa za mifugo, ili hata mbuzi wakipita wasome. Biolojia nilipata C. Mtihani ulikuwa mgumu hivi kwamba msimamizi ndiye aliyetokwa jasho.

Basi mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaja kutoka chuo kikuu, akisomea shahada ya uzamifu. Zamani, alinieleza, mtu alijifungia na utafiti wake mpaka akatoka na mvi. Siku hizi uzamifu una mpangilio: kozi, alama, fomu, kamati. Alitaka kujua kwa nini kupe wa ngamia hawafi tena kwa dawa, lakini mwaka mzima hakuwa amemwona kupe hata mmoja. Alikuwa amefuzu kozi ya kuandika barua pepe, kozi ya kupanga wakati, ambayo ilichelewa kuanza wiki tatu, na kozi ya usalama nyikani, waliyofundishiwa juu ya zulia.

Ilibaki moja: kueleza sayansi kwa mtu asiye na ujuzi. Mtu huyo aelezwe, aulize swali, arekodiwe kwa simu, kisha atie sahihi. Mwisho ni saa kumi na moja jioni siku hiyo hiyo. Akikosa, haruhusiwi kwenda Biliqo kukusanya kupe. Mvua ilikuwa imeshaanza, na kupe wa msimu ule wakimpita, anarudia mwaka.

"Anko, nisaidie. Wewe ndiye mtu asiye na ujuzi."

Nikamwonyesha cheti ukutani. "Kile ni nini? Kalenda?"

"Ni neno la fomu tu, anko."

"Basi fomu itafute mwingine."

Wakati huo akaingia mteja wangu, mfugaji wa Biliqo, pikipiki yake imejaa matope mpaka kwenye taa.

"Salaam aleikum. Ile dawa uliniuzia, kupe wanaogea. Wanatoka wamenona!"

Mpwa wangu hakumngoja hata apumue. Alimkalisha kwenye gunia la chumvi, akawasha simu, akamweleza utafiti wote kwa dakika mbili. Mfugaji, ambaye shule aliiona akipita na ngamia, akakuna kidevu.

"Utachukua kupe wa ngamia wa sokoni ama wa kuzaliwa kwetu? Wa sokoni wanakuja na dawa za watu wengine. Ukiwachanganya, umepotea."

Mpwa wangu akazima kamera. Akatuma video. Nusu saa baadaye mratibu wa kozi akapiga simu, sauti ikasikika duka zima.

"Huyo hafai. Swali lake ni la kitaalamu mno, hata kamati yako haikuliuliza. Tafuta mtu asiyejua."

"Nimeanguka?" mfugaji akauliza.

"Umepita sana," nikamwambia. "Hiyo ndiyo shida."

Saa kumi na nusu. Msichana hakulia, angelia ningevumilia. Alianza kurudisha vichupa vyake vya kupe kwenye sanduku, kimoja kimoja, akivipangusa kana kwamba vimetumika.

"Washa simu," nikasema.

Akanieleza. Nikaona nisiiaibishe shule ya jioni. Nikachota swali kutoka chini kabisa ya ile C yangu, nikakohoa, nikauliza: "Na je, usanisinuru wa kupe, yaani kujipikia chakula kwa jua, unafanyikia wapi, mgongoni ama tumboni?"

Mratibu alijibu kabla chai haijapoa. "Huyo ni bora kabisa! Umempata wapi? Atie sahihi haraka!"

Nikatia, juu ya mstari ulioandikwa MTU ASIYE NA UJUZI kwa herufi kubwa kuliko za cheti changu. Nilipoinua kichwa, mfugaji alikuwa anamchorea mpwa wangu alama za ngamia wa sokoni na wa nyumbani, naye msomi ananakili mbio.

"Kwani hizo alama zina maana gani?" nikauliza.

"Anko," akasema bila kuinua macho, "ngoja kidogo. Tuko kazini."