Ugali wa Kerubo

Enzi zetu kule Ekerenyo, mtu hakuambiwa jambo baya kabla hajaketi na kupewa maziwa ya kibuyu. Watoto wa siku hizi huambiana kwa simu, tena kwa neno moja, kisha wanajisifu kuwa ni wakweli.

Tulimzika mama mwezi uliopita. Tangu siku hiyo jikoni kwake kunanijia: moshi, mboga chungu za chinsaga zikichemka kwa maziwa, sisi watoto tukigombania ukoko. Mama hakusoma, na hakuweza kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Lakini sikumbuki mtu aliyetoka kwetu akiwa amevunjika moyo.

Jirani yetu alipoozesha mwanawe, aliwaita akina mama waje waonje ugali wa wimbi wa mkamwana wake, Kerubo. Ndiyo iliyokuwa desturi, nayo ilitisha. Bibi arusi aliyemtangulia alisonga mwepesi, akaitwa Uji mpaka akapata wajukuu.

Ugali ukaletwa kwenye kikapu, tukamega, hata mimi mtoto niliyefuatana na mama. Ulinata kwenye meno na kunuka unga. Wanawake walitafuna wakitazama chini.

"Mtamu, mwanangu," mmoja akasema, akiusukuma kwa maji. Mwingine akacheka puani.

Mama mkwe akamgeukia mama. "Mama Moraa, wewe hujui kudanganya. Umeiva huu?"

Kerubo alisimama mlangoni, mwiko mkononi, macho yamejaa machozi.

Mama alimaliza kwanza tonge lake. Kisha akaenda mekoni, akainua kijinga cha kuni kilichokuwa kikitoa povu.

"Haujaiva," akasema. "Lakini huu moto unalia, dada. Kuni zimenyeshewa. Na tazama alivyousonga, hauna hata donge moja. Huo ni mkono wa mpishi. Kesho, mwanangu, njoo uchukue kuni kavu kwangu."

Mama mkwe akashika kichwa. "Aa! Kuni nimempa mimi!"

Nyumba nzima ikacheka, na Kerubo naye akacheka. Hakuna aliyewahi kumpa jina jingine.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini hakusema tu kuwa ni mtamu.

"Angeendelea kutulisha mbichi," akajibu. "Na ningesema haujaiva nikanyamaza, leo angelala wapi? Si angerudi kwao?"

Siku ya mazishi wengi walishika kipaza sauti wakamsifu mama, wengine hata kwa yale asiyoyafanya. Kerubo, sasa bibi mwenye mvi, hakuomba kusema. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua karibu na meko.

"Ni kavu," akaniambia.

Siku hizi napikia gesi. Juzi mjukuu wangu alionja ugali wangu mimi bibi yake, akasukuma sahani.

"Magokoro, huu ni mbichi."

Akarudi kwenye simu yake. Ni kweli, ulikuwa mbichi. Nilikaa kidogo nikingoja aongeze neno.