Nilitaka kuzima spika kaka yangu alipotukanwa kwenye tamasha la afya ya akili Kirumba

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Hiki ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, na spika zilikuwa zangu, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia ni chai.

Kwanza mnifahamu. Shule niliishia la nne. Nilianza kwa kubeba magunia ya dagaa pale soko la samaki Mwaloni. Leo ukiona harusi ya maana hapa Mwanza, maturubai, viti na muziki vimetoka kwangu. Fuso ninayo, jenereta ninazo, nyumba Mabatini nimejenga bila mkopo. Wenye digrii wananiita boss. Sijisifii, ni taarifa tu.

Sasa nina kaka yangu mkubwa, Maige. Kwetu ng'ambo ya ziwa, Kamanga, alikuwa manju, yaani yule anayetunga nyimbo na kuongoza kikundi cha ngoma.

Kwa wasio Wasukuma: vikundi viwili vinawekwa uwanja mmoja, vinapiga kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji wanahama kwa miguu yao kwenda kwa anayewakuna, anayebaki peke yake kashindwa. Na manju akichokozwa na mwenzake kwa wimbo, lazima ajibu. Kunyamaza ni aibu zaidi kuliko kupigwa.

Mke wa Maige alipofariki, kaka akaacha kuimba. Baadaye akaacha kulima. Mwisho akaacha hata kuoga.

Nikamleta kwangu, nikampa chumba chenye feni na godoro jipya, nikaona nimemaliza. Kumbe wapi. Akisikia redio inaimba, anatoka nje.

Siku moja akamwambia mke wangu, kwa upole, kama mtu anayeaga kwenda dukani: "Shemeji, siku mkiamka mkanikosa, msilie sana."

Wakuu, kuanzia hapo hakuachwa peke yake. Hata akienda chooni kuna mtu anasikilizia mlangoni. Ndugu wakasema karogwa, tukazunguka kwa waganga mpaka tukachoka.

Katikati ya hayo nikapata tenda. Halmashauri inafanya tamasha la afya ya akili Kirumba, gharama zote za serikali. Mahema ya ushauri, ngoma, mpira wa kina mama, wananchi bure.

Nilicheka. Nikamwambia dereva wangu, "Yaani kodi yangu inakwenda kuchezesha watu ngoma ili waache mawazo?"

Akanijibu, "Boss, si na wewe unalipwa humo humo?"

Ana mdomo yule.

Siku yenyewe mke wangu alikuwa na msiba kwao, ikabidi niende na kaka. Nikamkalisha nyuma ya mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, ninapomwona. Akakaa anaangalia chini.

Mchana vikundi viwili vya ngoma vikaingia. Manju wa kimoja ni Luhende. Huyu na kaka yangu wameshindana tangu ujana, wamechambana kwa nyimbo uwanja kwa uwanja.

Luhende akamwona. Akazinyamazisha ngoma zake, akashika maiki, akaanza kwa Kisukuma. Nawatafsiria:

"Maige, nasikia siku hizi umekuwa kiti, watu wanakukalia hawajui kama upo.
Mkeo ndiye alikuwa anakupikia sauti, sasa unakula ukimya.
Kama huna jibu, sema mbele ya watu kwamba mimi ndiye mkubwa, niende zangu."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mimi damu ikachemka. Yaani mpaka marehemu? Mkono ukaenda kwenye swichi. Muziki wangu haumtukani ndugu yangu.

Nesi wa halmashauri, binti mfupi aliyekuwa anasimamia ratiba, akanishika kiwiko. "Baba, usizime."

"Yule ni mgonjwa, humwoni?"

"Namwona tangu asubuhi. Hebu angalia mguu wake."

Nikaangalia. Mguu wa kaka ulikuwa unapiga chini taratibu, unafuata ngoma ya kikundi cha pili.

Nikatoa mkono kwenye swichi.

Maige akasimama. Akatembea mpaka katikati, akachukua maiki ya pili. Akafungua mdomo, kikatoka kikohozi.

Luhende akadakia, "Kohoa tu mzee, hata kikohozi ni jibu."

Uwanja ukaangua kicheko. Na kaka yangu, wakuu, akatabasamu. Akaanza, sauti inakwaruza kama geti lenye kutu:

"Kweli nimekuwa kiti, Luhende. Lakini kiti hakikimbii. Wewe ulinikimbia na ngoma mgongoni, mama zako wanashuhudia."

Vigelegele. Kisha akashusha sauti:

"Aliyenipikia sauti amelala. Nikinyoosha mkono kitandani nagusa ukuta.
Nani mwingine hapa anagusa ukuta? Asogee.
Nimechoka kuugusa peke yangu."

Wakaanza kuhama.

Nimefunga muziki kwenye shughuli nyingi kuliko nyie mlizohudhuria, na sijawahi kusikia umati unahama kimya vile. Wabeba mizigo wa Mwaloni, magamba ya samaki bado yako kwenye mashati. Bodaboda. Wazee wa msikitini na kofia zao. Mama mmoja muuza mihogo aliacha beseni lake hapo hapo. Wapiga ngoma wa Luhende nao wakabeba ngoma zao, wakahama mmoja mmoja.

Luhende akabaki peke yake upande wake. Akauangalia uwanja. Akaweka maiki chini, akahama na yeye.

Manju kuhama! Waulizeni wazee wenu kama wamewahi kuona. Alimfikia kaka, akachukua ngoma kwa kijana wake, akampigia. Nywele zilinisimama, na mimi si mtu wa kutishika.

Walipomaliza, Luhende alimshika mkono wakaingia hema la ushauri pamoja. Nyuma yao ikajipanga foleni ya wanaume tu. Wataalamu wakasema kaka ana sonona, ni ugonjwa, una matibabu. Mpaka leo anakwenda kliniki na dawa anakunywa. Kuna siku hataki kuamka. Hajapona, asiwadanganye mtu.

Lakini ile jioni tunarudi na Fuso, naendesha mwenyewe, tulikwenda mpaka tukakaribia nyumbani. Halafu akasema, "Luhende sauti imeanza kuchuja. Mwakani namfunga mapema."

Mwakani.

Nilipaki pembeni, nikashuka, nikajifanya naangalia tairi.

Nilichojifunza: nilimpa kaka chumba, Luhende akampa mpinzani. Msiende kuwatukana wagonjwa wenu sasa, Maige na Luhende wana lugha yao ya miaka mingi. Wapelekeni kwa wataalamu, na mtafuteni yule mtu anayewajua tangu zamani.

Wenye ndugu kama Maige majumbani, mnaishi nao vipi? Wekeni hapa, tusaidiane.