Zamu ya Bibi

Jumuiya yetu hapa Mkolani husali kila Jumamosi asubuhi kwa zamu, leo nyumba hii, wiki ijayo nyingine. Tukimaliza, tunapeleka unga na sabuni kwa wazee. Juzi tulifika kwa bibi mmoja mjane anayetembelea mkongojo.

"Shikamoo bibi. Tumekuletea zawadi."

"Marahaba wanangu, Mungu awabariki." Unga wala hakuutazama. "Na sala je? Zamu yangu lini?"

Katibu wetu akainamia daftari. "Bibi, tulikupumzisha. Tuliona tusikusumbue."

"Nani aliwaambia nimechoka?"

Akasukuma mlango kwa mkongojo. Ndani mkeka umetandikwa, chupa ya chai imejaa, vikombe vimefunikwa kitambaa. Kumbe kila Jumamosi huandaa hivyo, kisha anakaa kusikiliza nyimbo zetu zikitokea kwa majirani.

"Kaeni basi, hata wimbo mmoja."

Tulikuwa tumemfuta kwenye orodha ya wenyeji, tukamwandika kwenye ya wahitaji, na tukajiona wema kwelikweli.

Katibu akatazama saa, akaninong'oneza kwamba wazee wengine wanasubiri unga.

Mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Sina hakika tena kama wanachosubiri ni unga.