Nilisubiri Mkono Uchoke

Nilitoka Tabora kwa treni, siku nzima na usiku, nikapata kibarua kwenye shamba la miwa lililobinafsishwa Morogoro. Nikifaulu majaribio, naajiriwa.

Bosi mpya alileta bomba la grisi la betri. La zamani tulipampu kwa nguvu. Mkono ukichoka, ujue imetosha. Hili nililichomeka kwenye propela, ule mhimili unaozunguka nyuma ya trekta, nikabonyeza tu, nikabaki nimeduwaa, nikilisikiliza linavyonguruma.

Trekta lilipowashwa, propela ilizunguka ikarusha mabonge ya grisi hadi kwenye shati jeupe la bosi.

"We Mnyamwezi, ulikuwa unasubiri nini?" fundi mkuu alifoka.

"Mkono uchoke, mkuu."

Karakana nzima iliangua kicheko, isipokuwa bosi. Jioni nilikuwa stendi ya Msamvu natafuta basi la kurudi Tabora, mkono wangu haujachoka hata kidogo.