Hukumu za Muuza Kanda wa Kaloleni

Muuza kanda wa hapa Kaloleni, mjini Voi, husikiliza albamu mpya akiwa amefumba macho, kiganja juu ya spika kama anayepima homa ya mtoto. Mimi nashona nguo kibanda cha pili, kwa hivyo hukumu zake nazisikia zote, nitake nisitake. "Hawa wamewaiga wa Nairobi, na wa Nairobi wameiga wengine," husema kwa uchovu, huku akipangusa redio kwa kikoi. Vijana wa bendi ndogondogo humletea kanda walizojirekodia wenyewe. Asiyoipenda hurekodi nyimbo za harusi juu yake, na mwenye kanda akalalamike atakako.

Jana Wawuda, mmoja wa vijana hao, aliteremka kutoka Werugha, kule milimani Taita, na kanda yake: gitaa moja na kuimba kwa Kidawida kitupu, lugha ya kwao. Mzee aliisikiliza pande zote mbili, nami nikasahau cherehani. "Mwanangu, gitaa lachelewa, na wimbo wa tatu walia bila msiba. Hapa Voi haitauzika." Wawuda akaitikia, "Sawa, mzee," akaondoka, kanda akaiacha mezani.

Bi Jannat alikuwa amesimama hapo akingojea nyimbo za harusi ya bintiye, na kanda tupu zilikuwa zimekwisha. Mzee akaitazama ile ya Wawuda. Akachukua bisibisi, akavunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda hiyo, ili mtu asiweze tena kurekodi juu yake, hata yeye mwenyewe.

"Niwie radhi, Bi Jannat," akasema. "Urudi kesho. Leo sina hata moja."