Mtungi wa Mama Somoe na Mkojo Wangu Mweupe

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana hata mke wangu nikianza kusimulia habari hii huwa anatoka nje, na mimi mwenyewe mpaka leo nikipita mbele ya kituo kile cha afya nageuza shingo upande wa pili kama mwizi wa kuku.

Enzi hizo za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu kijana kutoka Shinyanga, nimepangiwa shule moja ya Newala, huko juu ambako maji ni kitu cha kuombwa kwa heshima, na nilikuwa nimemposa binti anaitwa Somoe. Posa imekubaliwa, bado kutaja siku tu. Sasa mimi mtoto wa kukulia mabwawani nikashindwa kuoga maji ya kikombe, kwa hiyo Jumapili nilikuwa nateremka bondeni (tulikatazwa kuzurura huko kwa sababu ya vita vya Wareno ng'ambo ya Ruvuma, lakini nani alisikia?) naingia kwenye dimbwi, naogelea mpaka vidole vinakunjamana. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kukojoa damu. Sikumwambia mtu. Utaanzaje?

Siku moja nimekwenda kumsaidia Baba Somoe kuokota korosho, nikajitenga nyuma ya mkorosho, nadhani niko peke yangu, kumbe mzee yuko mti wa pili na shughuli hiyohiyo. Mchanga wa huko ni mweupe. Akatazama chini, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hiyo nyekundu ni nini?"

"Nimekula mabibo mengi, baba."

(Mtu mzima, mwalimu, namwambia mkulima wa korosho kwamba mabibo yanageuza mkojo!)

"Mimi nimeyala tangu sijaota meno," akasema. "Kesho twende tukapime. Kama ni ule ugonjwa wa hao wanawake unaowafuata huko Masasi kila mwisho wa mwezi, binti yangu simtoi."

Wallahi Masasi nilikuwa nafuata mshahara tu! Lakini nilijua wakikuta ugonjwa, wowote ule, Somoe ndiyo basi tena. Kwa hiyo nikaona dawa ni wasikute kitu. Asubuhi nikampitia mzee kwake, nikamwamkia mkewe, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba baba, karibu," na hapo ndipo nikatamka neno lililonimaliza. Nikaomba maji ya kunywa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikinywa mengi mkojo utakuwa mweupe kama maji, na mkojo mweupe hauna ugonjwa. Mama Somoe akanipa kikombe, nikamrudishia, akanipa kingine, nikamrudishia, mwishowe nikauvuta mtungi mwenyewe nikawa nachota. Mama wa watu ametoka alfajiri na giza kwenda bondeni, amepanda mlima ule na ndoo kichwani, halafu kaja mkwe mtarajiwa anakunywa kama ng'ombe wa kwao. Kikombe kilipoanza kukwaruza chini ya mtungi nikamsikia anamnong'oneza Somoe, "Mwanangu, huyu utamnywesha na nini?"

Kituoni nikapewa chupa, na siyo kuijaza tu, ningeweza kuwajazia wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi. Mkojo mweupe jamani, ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Bwana Mganga, mtu wa Tanga mwenye sauti ya kuitia kivuko, akachukua tone moja, akalitazama kwenye hadubini, kisha akatoa kichwa dirishani (hakuwa na siri yule bwana).

"Mwalimu! Kichocho hakuna! Hakuna kitu!"

Nikaruka juu. Nikamgeukia Baba Somoe meno yote nje, nikakuta uso wake umeiva.

"Kama si kichocho," akasema polepole, benchi zima linasikiliza, "ile damu ilitoka wapi?"

Lo! Kumbe kichocho ndicho kilichokuwa cha kunitetea! Mzee wa watu alikuwa ameomba usiku nikutwe nacho, ili yaishe, na mimi nimekificha kwa mikono yangu. Nikataka kujieleza, lakini na maji ya Mama Somoe nayo yanataka kutoka. "Baba, mimi..." nikakimbia chooni. Nikarudi. "Baba, sikiliza..." nikakimbia tena. Mama mmoja pale kwenye benchi akasikitika, "Maskini, hata kukaa hawezi. Ndio ugonjwa wenyewe huo."

Baba Somoe akavaa kofia yake, akaanza kuondoka bila kuaga. Nami nilimpenda Somoe, ndugu zangu, nilimpenda kweli. Nikapiga kelele bila aibu, "Nilikunywa maji! Nilikunywa mtungi mzima ili kisionekane!"

Kisha Bwana Mganga akatoka nje anacheka, ameshika mlango asianguke.

"Yaani umeyazamisha mayai ya kichocho kwenye mtungi, halafu mimi nitafute kwenye tone moja? Tena asubuhi mapema namna hii! Hayo hutoka zaidi mchana, mtu akiwa amejitikisatikisa. Nimesema sikuyaona, sijasema hayapo. Mzee, rudi ukae! Na wewe, kesho mchana uje, usinywe ovyo, na kabla ya kukojoa ukimbie."

Kukimbia wapi? Uwanja ulikuwa mmoja tu, hapohapo mbele ya kituo, na kesho yake walikuwa mgambo wanafanya mazoezi. Mkufunzi wao akasema hataki mtu wa kuzurura uwanjani kwake, akaniingiza mstarini. Wenzangu begani wana bunduki za mti, mimi nina chupa. Tukakimbia, tukaruka, tukachuchumaa, jua la utosi, wanafunzi wangu wametoroka shamba la shule kuja kutazama, na Baba Somoe anakimbia pembeni, kofia mkononi, anapiga kelele, "Jitikise, Mwalimu! Jitikise!" Mgambo wakaidaka, wakaifanya wimbo.

Nikatoa nilichotoa. Safari hii Bwana Mganga aliiacha chupa itulie, akachukua mashapo ya chini, akainamia hadubini. Baba Somoe midomo inacheza, anaomba.

"Yapo! Yamejaa tele! Kila yai na kimwiba chake, alama ya kichocho!"

Mzee akanikumbatia na jasho langu lote, akashika njia ya sokoni akitangaza kwa kila anayemwona, "Mkwe wangu ana kichocho! Mkwe wangu ana kichocho!" na wanawake wakapiga vigelegele bila hata kuuliza. Hadi jioni Newala nzima inajua, hata vijiji vya kule Kitangari wanajua. Nilimeza vidonge, nikapona, siku ikatajwa. Wazazi wangu walipokuja harusini, wamechoka na safari, wanashuka kwenye basi Masasi, mtu wa kwanza kuwapokea mizigo akawauliza, "Nyinyi ndio wazazi wa yule mwenye kichocho? Hongereni sana!"

Mama yangu alikaa juu ya sanduku akalia. Tangu hapo niliapa, na nimeshika kiapo: nikiambiwa na daktari lete mkojo, napeleka huohuo nilionao, na rangi yake, na aibu yake.